Mwalimu wa Kwaya na Kanda ya Magitaa

Alitufundisha kuimba akiwa ametupa mgongo. Tulijipanga mbele ya madhabahu, sauti ya kwanza kushoto, sisi wa besi kulia, naye badala ya kututazama aligeukia ukuta, akainua mkono mmoja, kazi ikaanza. Mgeni akiingia angedhani tumemuudhi. Mwalimu wa Kwaya alisema macho yanamdanganya: mtu akipanua mdomo vizuri unadhani anaimba, kumbe anapitisha hewa tu. Akielekea ukutani alikuwa anatusikia mmoja mmoja.

"Wewe uliye karibu na mlango," angesema bila kugeuka, "kama umechoka kaa chini. Usituchoshee wimbo."

Mtaani kwetu Ipuli, mjini Tabora, walikuwepo walimu wengi, kwa hiyo ukitaka kumtaja yeye ilibidi uongeze hayo ya kwaya. Mchana alifundisha darasa la pili, lakini sijamsikia mtu hata mmoja akimkumbuka kwa kazi hiyo. Mimi nilikuwa kijana fundi cherehani, nashona kwenye kibaraza cha duka sokoni. Nilijiunga na kwaya kwa sababu walinipa kazi ya kushona majoho yao, nikaona uchungu kushona vitu vizuri vile halafu nivikabidhi kwa wengine. Nilikaa miaka mingi, hadi nilipohamia Dodoma na mke wangu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na alivaa raba nyeupe za kiume alizozifua kila Jumamosi na kuzianika juu ya paa la banda. Kicheko chake kilikuwa kifupi, kinatokea puani. Hakupenda kusifiwa. Ukimwambia wimbo umetoka vizuri alikuuliza ni sehemu gani, na ukishindwa kuitaja alikuacha umesimama hapo hapo. Aliyechelewa mazoezi hakumfukuza, alimwimbisha akiwa nje dirishani, na watoto wa mtaa walikuja kumzunguka na kumtazama mdomo.

Alikuwa na maneno yake. "Msiimbe kama mnaomba radhi," alituambia kila tulipoanza kwa uoga. Wengine walipotanguliza hisia, wanafumba macho na kutikisa kichwa kabla ya nota ya kwanza, alisema, "Pumzi kwanza, machozi baadaye." Na lilikuwepo neno moja alilolikataa katika nyimbo zake zote. Mtunzi mmoja kijana alimletea wimbo wake, mzuri kwa kweli, wenye kiitikio juu ya subira. Mwalimu aliupokea, akausoma wote kwa midomo, akamrudishia.

"Tafuta neno lingine hapo."

"Lipi, Mwalimu?"

"Lolote. Hilo mimi siliimbi."

Kijana yule hakuelewa. Sisi tuliomfahamu kwa miaka tuliangalia viatu vyetu.

Sasa niseme habari ya kanda, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nimkumbuke hivi karibuni mpaka nikapanda basi.

Ilikuja ndani ya boksi la msaada. Marafiki wa kanisa walioko Ulaya walikuwa wakitutumia vitu mara moja moja: vitabu vya nyimbo visivyo na majalada, miwani ya kusomea, soksi za sufi ambazo kwa jua la Tabora hakuna wa kuzivaa. Safari hiyo, chini kabisa ya boksi, mlikuwa na kanda mbili zilizorekodiwa nyumbani na mtu. Moja ilikuwa ya mafundisho ya ufugaji wa kuku. Ya pili ilizungushiwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi, herufi nene zenye pembepembe, mfano wa zile za Biblia kuukuu ya wamisionari iliyokuwa kwenye kabati la kioo kanisani. Hatukuweza kuzisoma, ila tulizitambua. Mwalimu alifurahi sana. Alisema bila shaka ni kwaya ya huko zilikotoka herufi hizo, na kwamba Jumanne tungeanza mazoezi kwa kusikiliza wenzetu wanavyoitumia pumzi.

Jumanne ikafika. Aliweka redio juu ya meza mbele yetu, akabonyeza, akatugeuzia mgongo.

Kwanza lilikuja gitaa peke yake, linajikokota, linasita, linaanza tena, mithili ya mtu anayeburuta mguu mbovu. Halafu ngoma zikaingia kwa mpigo mmoja, magitaa mengine yakarukia juu yake, na mwanamume akapiga ukelele uliomfanya mama mmoja wa sauti ya pili ashuke ngazi za madhabahu bila kuangalia anapokanyaga. Sisi wa besi tulicheka. Wengine walianza kukemea pepo. Wote tulimsubiri Mwalimu aizime. Hakuizima. Alibaki uso ukutani, mkono wa kulia uko juu pale alipouinua, mpaka wimbo wote ukaisha. Ndipo akabonyeza kitufe.

"Mmesikia?" akauliza.

"Tusikie nini, Mwalimu?" alijibu yule mama, bado anahema. "Hao si mashetani hao?"

"Mashetani gani wanakwenda na mapigo sawasawa namna hiyo? Huyu ni mtu. Tena amefungiwa mahali. Hamkusikia anavyovuta pumzi? Anaivuta fupi fupi, mtu aliye ndani ya chumba kisicho na dirisha. Haya, chukueni nota zenu."

Miaka mingi baadaye binti yangu alinieleza kwamba muziki wa aina ile unaitwa hevi meto na una wafuasi dunia nzima. Sisi hatukuwa na jina lake. Tuliuita muziki wa magitaa.

Habari zilifika kwa wazee wa kanisa kabla hatujafunga mlango. Jumapili baada ya ibada Mwalimu aliitwa mbele yao, na mimi niliitwa nikawe shahidi wa upande wa kwaya. Mzee aliyekuwa mkubwa wao alisema kwa upole, "Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini kitu kile kichomwe, na sisi tukione kinachomwa."

"Kitachomwa, baba," alijibu kwa adabu iliyonitia wasiwasi.

Akaenda kwake, akarudi na kanda imezungushiwa karatasi ile ya herufi za pembe. Ilichomwa nyuma ya kanisa, kwenye shimo la taka. Plastiki ilitoa moshi mweusi, wazee wakakohoa, wakaridhika, wakapeana mikono. Tulirudi mimi na yeye kwa njia ya uwanja mpaka karibu na kwake.

"Kwa hiyo wewe," akaniambia, "siku ukitaka kufuga kuku itabidi ujifunze mwenyewe."

Nilichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilicheka hadi nikashika ua wa watu. Yeye hakucheka. Alisema tu kwamba karatasi ndiyo imemuuma, kwa kuwa ilibidi iungue kweli, na sasa hatutajua kamwe watu wale wanaitwa nani.

Tangu hapo kanda ilikaa jikoni. Jiko lake lilikuwa nje, banda la matofali ya udongo lililojitenga na nyumba, na redio aliiweka juu ya gunia la mkaa. Aliisikiliza akisonga ugali au akichambua mchicha, kwa sauti ya chini sana, namna watu wanavyosikiliza tangazo la msiba. Huo ndio ulikuwa ukinzani wake mmoja mkubwa: ulikuwa muziki wa kupasua kuta, naye aliupunguza mpaka ukalingana na mchemko wa sufuria. Mara nyingi nilimpelekea majoho ayakague nikamkuta hivyo, kachuchumaa, kijiko mkononi, anafuatisha sauti ya pili ya magitaa kwa pua.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza kidogo nakijua. Nikajitolea kumfasiria maneno niliyoyadaka.

"Usinifasirie," alinikatiza. "Nikijua anasema nini nitaanza kubishana naye."

Lakini wizi aliufanya. Katika wimbo mmoja wa kanda ile magitaa mawili yanapanda pamoja, moja juu ya jingine, hayaachani wala hayagusani, mpaka yanafika mahali unadhani hayataweza kushuka. Pasaka iliyofuata alitutungia wimbo juu ya mitume waliofungwa gerezani wakaimba usiku, na pale milango inapotikisika akawapa sauti ya kwanza na ya pili kile kipande cha magitaa, nota kwa nota. Tuliuimba kwenye tamasha la kwaya kule Ziba, uwanjani, mbele ya wafugaji walioacha ng'ombe wao pembeni waje kusikiliza. Tulipofika kwenye kipande kile watu walisimama. Mzee wa kanisa yule yule, aliyetaka kanda ichomwe, alilia machozi, akamshika Mwalimu mkono na kumwambia kwamba hakika wimbo ule alipewa na Roho.

"Ahsante, baba," alisema Mwalimu, akatazama ng'ombe.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa.

Aliishi na baba yake. Mzee huyo alikuwa gadi wa treni za mizigo enzi zake, mtu wa kuamuru, na kiharusi kilimlaza upande mmoja akiwa bado na nguvu za kuishi miaka mingi. Mdomo ulikwenda kombo, maneno yakawa mazito, ila kipenga chake cha kazi alibaki nacho shingoni, na kwa kipenga hicho alimwita binti yake. Nyumba haikuwa mbali na kanisa. Tukiwa katikati ya wimbo, kipenga kikalia, na yule mwanamke aliyekuwa anatutetemesha wote alishusha mkono, akachukua kitenge chake na kwenda. Wakati mwingine Mzee alitaka kugeuzwa ubavu, au pazia livutwe. Kuna siku alimwita ili amuulize ni nani aliyekosea katika sauti ya tatu.

Nilimkuta mara moja anamlisha uji. Mzee aliuacha makusudi utiririke shingoni, akimtazama usoni, na yeye akaupangusa, akampa kijiko kingine, ukatiririka tena. Nilimwamkia Mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu kwa shida. Kisha, akimwelekezea binti yake kidole cha mkono ulio mzima, "Huyu... anataka kwenda."

"Siendi, baba," alisema Mwalimu.

"Anataka."

"Kunywa uji."

Mzee alikuwa anakumbuka jambo ambalo mtaa mzima ulilikumbuka. Mwaka mmoja kabla ya kanda kufika, kanisa lilimpatia Mwalimu nafasi kwenye chuo cha muziki, kaskazini, kwa miaka miwili. Kiharusi kilikuwa tayari kimempata Mzee, lakini walikuwa wamekubaliana: mdogo wake Mwalimu, kijana wa kiume, mtoto mwingine pekee wa nyumba ile, angekaa na baba mpaka dada arudi. Kwaya nzima tulimsindikiza stesheni. Tulivaa majoho. Aliimbiwa, alikumbatiwa, akapewa dumu la asali ampelekee mkuu wa chuo. Mdogo wake alisema angekuja kumuaga mara akishamlisha mzee.

Treni iliingia, mdogo mtu hajaonekana. Tukapakia begi. Mwalimu alikuwa ameshapanda, amesimama kwenye mlango wa behewa, anatuonya kwamba tusije tukaharibu wimbo wa Krismasi, ndipo jirani yao akaja mbio, khanga imemwanguka mabegani. Alisema amemkuta Mzee sakafuni, ameanguka kutoka kitandani tangu alfajiri, amejichafua. Nguo za kijana hazipo. Kuna aliyemwona akipanda lori la tumbaku linaloelekea Dar es Salaam.

Hakuna aliyemwambia Mwalimu ashuke. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walidai walimshauri. Alisimama pale mlangoni, mkono kwenye chuma, akiangalia njia ya reli mbele, kule treni inakokwenda, kwa muda ambao sikuupenda. Halafu akashuka.

"Nipeni begi langu," alisema.

Tukalishusha dirishani. Treni ikaondoka. Alijitwisha begi mwenyewe, akakataa kusaidiwa, na alipofika penye geti aligeuka. "Mazoezi Jumanne," alisema. "Kama kawaida."

Nafasi ya chuo alipewa mtu mwingine. Kanda ilipokuja mwaka uliofuata na yeye akasema mwimbaji huyu amefungiwa, pale kanisani hakuna aliyeuliza amejuaje.

Watu walimsifu. Walimwita mfano wa kuigwa, akina mama waliwaonyesha mabinti zao kwa kidole. Yeye hakujiona hivyo. Niliwahi kumwambia, kwa nia njema, kwamba Mungu anaona anavyompenda baba yake. Alikuwa anafua mashuka ya Mzee, mikono imejaa povu.

"Nani kakwambia nampenda?" alisema. "Namchukia kila siku na namwogesha kila siku. Hayo mawili sijawahi kuruka hata moja. Usiende kunipamba huko kanisani."

Kisha akaendelea kufua, na kabla sijaondoka aliniuliza kama nimekwisha kula, akanipakulia.

Mzee alifariki wakati mimi nimeshahamia Dodoma. Nilikuja msibani. Mhubiri aliongea kwa kirefu juu ya subira ya binti huyu, akalirudia neno hilo hata nikaogopa kumtazama Mwalimu. Alikuwa amekaa mkekani pamoja na akina mama, anatazama vidole vyake vya miguu, taya linakwenda taratibu mithili ya mtu anayetafuna kitu kigumu. Kipenga alimpa mwalimu wa michezo wa shule aliyokuwa akifundisha siku tatu tu baada ya mazishi.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshastaafu, nywele nyeupe zimeanza kumshinda. Kila mtu alimuuliza sasa atakwenda wapi, maana miaka yote walijua amezuiliwa na baba. Alikwenda Kaliua. Alipanda treni peke yake, akashuka pale njia ya Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma, akakaa kwenye benchi akitazama mabehewa yakikatwa na kuunganishwa, akanywa chai, akarudi na treni nyingine. Alinisimulia kwenye simu.

"Na kwa nini hukuendelea, Mwalimu? Kigoma, Mpanda, popote?"

"Niliuliza nauli ya huko, nikajibiwa. Nikajikuta nashindwa kufikiria nikifika nitafanya nini asubuhi."

Miezi michache tu ilipita, gari dogo likasimama mbele ya nyumba yake na kumshusha mdogo wake. Sukari ilikuwa imemla mguu mmoja, mwingine hauna nguvu, macho yameanza kwenda. Dar es Salaam kote hakuwa na mtu aliyebaki naye. Niliposikia nilimpigia simu nikiwa na hasira kwa niaba yake, nikamuuliza kwa nini amempokea, mtu aliyemfanyia yale.

"Kitanda kilikuwa bado kimetandikwa," alinijibu.

Basi mwaka huu, jioni moja nikiwa nakunja vitambaa, binti yangu alikuwa sebuleni na simu yake, nikasikia gitaa linajikokota, linasita, linaanza tena. Mkasi ulinidondoka. Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Kwenye simu walionekana watu wazima, wazungu wenye mvi, wanazungumzia albamu moja ya zamani ya hevi meto, wakisema imekuwa miaka mingi tangu itoke na bado inasikilizwa. Nilimwomba binti yangu anitafutie yote. Tuliisikiliza tangu mwanzo, na kila wimbo nilijua unapoishia na upi unafuata, hata yeye akanishangaa. Ukafika ule ambao kwenye kanda yetu ulikatika katikati ya ukelele na ndio ukawa mwisho wa kila kitu. Huku haukukatika. Uliendelea hadi tamati, na baada yake ukaja wimbo mwingine ambao sikuwahi kuusikia. Aliyeturekodia kanda aliishiwa na utepe tu.

Binti yangu anasoma chuo kikuu. Alikaa nami akanifafanulia maneno ya albamu nzima. Wiki ile ile nilipanda basi kwenda Tabora, nimebeba spika ndogo, binti yangu ameijazia albamu ile, ndani ya mfuko wa majoho.

Nilifika Ipuli baada ya saa saba mchana. Mwalimu alinifungulia mlango akiwa na raba nyeupe, amekuwa mdogo zaidi, shingo imeingia mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Besi, umekonda. Dodoma hakuna chakula?"

Sebule ilikuwa na harufu ya dawa na mkojo iliyofunikwa na sabuni. Kutoka chumbani sauti ya mwanamume iliuliza ni nani, Mwalimu akamjibu kwamba ni mgeni wake yeye, si wa wote wawili. Alinipa maji, tukaulizana habari za waliokufa. Kisha nikatoa spika, nikaiweka mezani, na sikumweleza chochote. Nilibonyeza tu.

Alilitambua gitaa kabla ya ngoma kuingia. Aliweka kikombe chini. Akainuka, akakigeuza kiti chake, akakaa akiuelekea ukuta.

Tulisikiliza hivyo albamu nzima, mimi natazama mgongo wake. Hakusema kitu ila mara moja, kwenye kile kipande cha magitaa mawili: "Ziba," alisema, na kicheko chake kikatoka puani. Tulipofika kwenye ule wimbo uliokatika kwenye kanda niliona mabega yake yanajiandaa kukatika nao. Wimbo ukaendelea. Aligeuka nusu.

"Hii nini?"

"Ndio unavyokwenda, Mwalimu. Kuna mwingine tena nyuma yake. Sisi kanda ilituishia."

Wimbo wa mwisho ni wa polepole. Gitaa moja halina makelele, ngoma zinagongwa kwa mbali, na mwanamume yule aliyepiga mayowe albamu nzima anaimba kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayesimulia. Anavuta pumzi ndefu. Mwalimu aliisikia kabla yangu, nikauona mkono wake ukipanda.

"Anasema nini?" aliuliza. Tangu nimfahamu hakuwahi kuniuliza hilo.

"Ni kweli alikuwa amefungwa, kama ulivyosema. Hapa wamemfungulia. Yuko barabarani na viatu vyake mkononi, hajui ashike upande gani. Anasema jua linamuumiza macho. Anaona aibu kwa vile anafurahi."

Aliushusha mkono.

"Kumbe alitoka."

"Alitoka."

"Lini?"

"Siku zote, Mwalimu. Wimbo huu ulikuwemo humu tangu albamu inatoka. Ni sisi tu hatukuufikia."

"Mimi nimekaa naye humo ndani miaka yote hii," alisema akiutazama ukuta, "nikidhani tuko wawili."

Sauti kutoka chumbani ikaita: "Dada!" Ikaita tena, kali zaidi. Niliona mgongo wake ukinyooka na mikono ikishika kiti tayari kuinuka. Wimbo ulikuwa bado. Aliganda hivyo, si wa kukaa si wa kusimama.

"Dada! We dada!"

Akajirudisha kitini.

"Nenda wewe," aliniambia. "Anataka kugeuzwa tu. Mshike chini ya bega, usimvute mkono. Lakini kwanza nionyeshe kinapobonyezwa."

Nilimwonyesha, nikaingia chumbani. Mdogo wake alikuwa amelala chali, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, macho yanatafuta mlango bila kuupata. Nilimshika chini ya bega nikamgeuza. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia.

"Wewe si dada," alisema.

"Mimi mgeni wake."

"Yeye yuko wapi?"

"Yupo sebuleni."

"Anafanya nini?"

"Anasikiliza muziki."

Alitega sikio. Kupitia ukutani tuliusikia wimbo ukielekea mwisho, na juu yake sauti ya mwanamke, kavu, ya kizee, inatafuta nota ya pili na kuishika. Gitaa likafifia. Kukawa kimya. Kiti kililia sakafuni, nikajua amesimama, anakuja.

Wimbo ule ukaanza upya, safari hii kwa sauti ya juu hadi kioo cha dirisha kikatetemeka.

"Bado?" aliuliza mdogo wake.

"Bado," nikamwambia, nikavuta stuli nikakaa.